Tangazo la Kifo na Tangazo la Wimbo

Leo nataka tuzungumze habari ya misiba ya wanamuziki, na namna sisi watu wa redio tunavyoibeba.

Novemba 2024 tulimpoteza King Kikii. Jina lake kamili Kikumbi Mwanza Mpango, mwenyeji wa Lubumbashi. Ni mmoja wa wale wanamuziki waliotoka Kongo wakaifanya Dar es Salaam kuwa kwao. Aliimba na Orchestra Maquis, na miaka yake ya mwisho alikuwa na La Capitale, bendi ambayo watu waliizoea kwa jina la Wazee Sugu. Wimbo wake wa Kitambaa Cheupe hauhitaji maelezo kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye harusi ya Kitanzania. Ukianza tu, utamwona mama aliyekaa mezani tangu saa mbili usiku bila kuinuka, anafungua mkoba. Anatafuta leso. Aliyekosa leso anachomoa tishu mezani, aliyekosa tishu anavua kofia. Mikono inapanda, watu wanazunguka taratibu wakipunga, shangazi wa bwana harusi yumo, mpiga picha wa kukodiwa naye yumo. Furaha ile ina mwenyewe aliyeianzisha, na mwenyewe huyo sasa yuko kaburini. Mungu ampumzishe pema.

Basi siku zile za msiba wake, redio zilimlilia. Tulipiga Kitambaa Cheupe asubuhi, tukapiga mchana, tukapiga usiku. Wasikilizaji wakapiga simu, wakatuma ujumbe, wakakumbushana kumbi na wachumba wa zamani. Ilikuwa kazi nzuri na sitaki kuibeza hata kidogo, maana kumuaga marehemu kwa wimbo wake mwenyewe ni heshima kubwa. Lakini mtu aliyeimba kwa miongo kadhaa tukamlilia kwa wimbo mmoja. Na wimbo wenyewe tuliupiga hivi: "Huyo ni King Kikii, Mungu amlaze mahali pema, ameacha pengo lisilozibika." Kisha tangazo la biashara. Wiki iliyofuata, kimya.

Hilo pengo lisilozibika tunalitaja kwa kila mtu. Tulilisema kwa Gurumo wa Msondo, tukalisema kwa Bi Kidude wa Zanzibar, tutalisema kwa anayefuata. Hatusemi pengo lina ukubwa gani wala liko upande gani wa jukwaa. Nani alikuwa akimpokea sauti? Nani alikuwa nyuma yake kwenye gitaa la rizimu, nani kwenye besi, nani kwenye tumba? Bendi aliyoiacha ina vijana aliowafundisha, au imekwisha naye? Msiba wa mwanamuziki unastahili maswali hayo, na sisi wenye kipaza sauti ndio wa kuyauliza.

Nikumbushe kitu ambacho wasikilizaji wa umri wangu hawajakisahau: matangazo ya vifo ya redio. Mchana, baada ya taarifa ya habari, nyumba nzima ilinyamaza. Mtangazaji anasoma polepole: ndugu fulani wa Dar es Salaam anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mzazi kilichotokea jana, mazishi yatafanyika kijijini mahali fulani, habari ziwafikie kaka wa marehemu aliyeko Mwanza, shemeji aliyeko Songea, mtoto wa marehemu anayefanya kazi bandarini Tanga, na ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Hakuna aliyeachwa. Mtu asiyejulikana na yeyote nje ya kata yake aliagwa kwa majina ya watu wake wote, na nchi nzima ikasikia kwamba alikuwa na kaka Mwanza. Redio hiyo hiyo, dakika chache baadaye, ikiweka wimbo uliopigwa na watu 9 au 10, inataja jina moja. Mara nyingine halitajwi hata hilo moja. Linatajwa jina la bendi tu, na mara nyingine tunasema tu "zilipendwa" na kuachia muziki utembee.

Wimbo nao una ndugu zake. Chukua Sina Makosa wa Les Wanyika. Sijui kama kuna wimbo wa Kiswahili unaopigwa zaidi ya huo kuanzia Mombasa mpaka Bujumbura, na vijana waliozaliwa juzi wanaujua. Wengi wanauita wimbo wa Kenya, kwa kuwa ulirekodiwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1970. Waliousimamia walikuwa Watanzania waliohamia kule, wengi wao wakitoka kwenye Simba Wanyika ya akina Kinyonga, wale ndugu wa Tanga. Sasa usikilize kwa utulivu, na ikiwezekana usikilize kwa spika nzuri, maana simu inaimeza besi. Sauti ya mwimbaji ndiyo inayokushika kwanza. Ukiisha kuizoea, teremka chini yake. Kuna gitaa la rizimu linalojirudia bila kuchoka, jepesi, halikimbii na halichelewi, na ndilo linalowafanya watu watikise mabega hata wakiwa wamekaa. Aliyelipiga ni Omari Shabani, waliyemwita Profesa, na wimbo wenyewe ni utunzi wake. Chini zaidi kuna besi ya Tommy Malanga, inayoingia na kutoka kama mtu anayezungumza na gitaa lile. Solo ni John Ngereza. Profesa Omari alifariki 1998, Ngereza akamfuata 2000. Nimesikia Sina Makosa ikipigwa hewani mara nyingi kupita kiasi, na mara ambazo jina la Omari Shabani lilitajwa ni chache mno. Mtu ametunga wimbo unaochezwa na nchi tano, na huzuni ya kifo chake haikupata hata anwani.

Mombasa ni vivyo hivyo, na pale aliyesahaulika ni mtunzi. Aprili 2014 alifariki mwimbaji wa taarabu Juma Bhalo. Pwani nzima ililia, kuanzia Lamu hadi Tanga, na Unguja, na wale wenzetu walioko Oman na Ghuba wanaofuatilia taarabu kuliko sisi wenyewe. Sauti ya Juma Bhalo haina mfano. Lakini maneno mengi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake wa damu, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule mshairi wa Malenga wa Mvita, na huyo aliishi mpaka 2019. Yaani kwa miaka mitano tulikuwa tukimlilia mwimbaji, na mwenye maneno yuko Mombasa, hai, anaweza kuulizwa: ubeti huu ulimwandikia nani, ugomvi ule wa mafumbo ulikuwa na nani? Hali kadhalika Zein l'Abdin, bingwa wa udi, aliyefariki 2016. Mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany yalipita kwenye udi wake, na Sheikh Nabhany naye akafariki 2017. Wapenzi wa taarabu wa Mvita wanayajua haya tangu utotoni. Msikilizaji wa Dodoma anayapata wapi kama si kwetu?

Tukiwa bado na Mombasa na Unguja, kuna jambo zito ambalo linafaa kusemwa kwa adabu. Wanamuziki wetu wengi ni Waislamu, na msiba wa Kiislamu hauna muziki. Mtu anafariki alfajiri, kabla ya magharibi ameshazikwa. Ndani wanasoma Yasini, nje wanaume wamekaa kwenye mikeka na viti vya plastiki, na hakuna gitaa linalosikika. Lakini redio ya dukani ng'ambo ya barabara inapiga nyimbo za marehemu tangu asubuhi, tena zile za mapenzi. Zipo familia zinazoumia. Wapo wanaoamini kwamba nyimbo zile zinamzidishia marehemu mzigo huko alikokwenda, na wapo wanaotuma mtu kuomba zisipigwe. Nimesikia watangazaji wenzangu wakilalamika kwamba mwanamuziki ni wa watu wote, familia haiwezi kumfungia. Mimi sikubaliani nao. Matanga ni siku tatu. Familia ikituomba siku tatu, tuwape siku tatu, na katika siku hizo tuzungumze habari zake bila kupiga nyimbo: amezaliwa wapi, kafundishwa na nani, kapiga na nani. Hapo ndipo utakapoona nani miongoni mwetu anamjua marehemu na nani anajua kubonyeza kitufe tu. Wenzetu wa Zimbabwe, mwanamuziki wao Oliver Mtukudzi alipofariki Januari 2019, serikali ilimtangaza shujaa wa taifa. Familia ikachagua kumzika kijijini kwao Madziva badala ya uwanja wa mashujaa. Heshima ya taifa ikabaki palepale, na matakwa ya nyumbani yakatimizwa.

Upande wa pili kuna wale wanaotaka muziki usizime. Franco Luambo alipofariki Ubelgiji Oktoba 12, 1989, Zaire iliomboleza rasmi siku nne, na redio ya taifa ikawa ya Franco. Hapa kwetu, bendi ndiyo inayomlilia mwenzao kwa kazi. Matanga yakiisha, mara nyingi baada ya arobaini, linaandaliwa onyesho la kumuenzi, kiingilio kinakuwa rambirambi, na wenzake wanapanda jukwaani. Ukitaka kuona huzuni na furaha zimekaa kiti kimoja, nenda kwenye onyesho la namna hiyo. Mpiga saksafoni anapuliza kile kipande alichokuwa akimwitikia marehemu, halafu pale marehemu alipokuwa akiingia, bendi inapiga tu bila sauti, mistari minne au minane, na ukumbi mzima unaiimba. Watu wanalia wakiwa wanacheza. Hakuna anayeona ajabu.

Mzee Muhidin Maalim Gurumo alistahili huzuni ya namna hiyo, na aliipata. Alifariki Aprili 13, 2014, akazikwa kwao Masaki, Kisarawe. Wilaya hiyo hiyo, huko Mzenga, ndiko alikolala Mbaraka Mwinshehe, Soloist National, aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Kisarawe ina makaburi mawili ambayo historia ya dansi haiwezi kuandikwa bila hayo, na sijaona basi la wanafunzi likipelekwa kuyatembelea.

Gurumo aliingia NUTA Jazz mwaka 1964, bendi ya chama cha wafanyakazi. Bendi ile ilibadilika jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Mwaka 1978 akaondoka na wenzake kwenda kuanzisha Mlimani Park, Sikinde, mahasimu wakubwa wa Msondo. Mwaka 1985 akahamia Orchestra Safari Sound. Baadaye akarudi Msondo, akakaa huko mpaka alipostaafu 2013. Kwa hiyo mashabiki wa Sikinde na wa Msondo, ambao kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya saa ngapi sasa, walikaa mkeka mmoja kwenye msiba wake.

Sasa kumbuka lililotokea alipotangaza kustaafu. Mzee alisema hadharani kwamba amefanya muziki zaidi ya miaka 50 na hana hata gari. Mwanamuziki kijana Diamond Platnumz alimpa gari, Toyota Funcargo, akiwa hai, akaliona, akalipanda. Watu walibishana sana wakati ule kuhusu nia ya Diamond. Mimi naona kijana alifanya jambo ambalo nchi nzima ilipaswa kuliona haya kwa kuchelewa kulifanya. Miezi michache baadaye mzee akafariki. Shada la maua tungempelekea sote, na maua hayapandwi kwenda hospitali.

Kwa nini mtu wa kimo cha Gurumo alistaafu bila gari? Sababu zipo nyingi na nyingine ni za bendi zenyewe, lakini moja inatugusa sisi, na lazima niiseme nikiwa nimekaa kwenye kiti hiki. Miaka ya 1970 na 1980 Tanzania haikuwa na biashara ya sahani za muziki ya kutegemewa. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inaingia studio, inapiga nyimbo kadhaa kwa siku, zinahifadhiwa kwenye utepe, zinapigwa hewani, na nchi inazijua. Umaarufu ulitoka redioni, na mkate ulitoka kwenye kiingilio cha ukumbini Jumamosi usiku. Nyimbo zilizoilea nchi zilipigwa maelfu ya mara bila mpigaji kulipwa kwa kila mara. Na leo hii kumbukumbu zile, mikanda ile mikubwa ya duara ndani ya maboksi ya karatasi, ndiyo maktaba yetu ya dansi na taarabu ya zama zile. Kwenye boksi utakuta jina la bendi na jina la wimbo. Kumjua aliyepiga solo, sharti umpate mtu aliyekuwapo.

Tuna deni la majina na tuna deni la fedha, na hayo mawili yamefungamana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kifo chake inawalinda warithi wake miaka 50. Piga hesabu. Mbaraka Mwinshehe alifariki 1979, kwa hiyo tungo zake bado ni mali ya wanawe mpaka 2029. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alifariki Machi 1995, warithi wake wanalindwa mpaka 2045. King Kikii, mpaka 2074. Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki kwa ajali mwaka 1965, muda wake umeshapita. Januari 2022 COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, waligawa mirabaha ya nyimbo zilizopigwa redioni na kwenye televisheni, na tuliishangilia siku ile kwa haki. Lakini mirabaha hufuata jina la mtunzi. Mtangazaji akiandika kwenye orodha yake "Sikinde, zilipendwa", fedha hiyo itakwenda kwa mjane gani? Jina tunaloshindwa kulitamka hewani ndilo linalokosekana kwenye karatasi, na likikosekana kwenye karatasi linakosekana kwenye akaunti ya yatima. Ndiyo maana jambo hili linanikera kuliko linavyowakera wenzangu, na nitazidi kulisema.

Watu wa kawaida, kwa upande wao, wametupita kwa kutaja majina. Chukua daladala ya Sinza. Konda ananing'inia mlangoni anaita "Kwa Remmy! Wa Kwa Remmy washuke!" Hakuna baraza la madiwani lililokaa kikao kwanza. Remmy Ongala, mwana wa Kindu, Kongo, aliyekuja Dar es Salaam 1978 kupiga na Orchestra Makassy kisha akaiongoza Super Matimila, aliishi hapo, watu wakakiita kituo kwa jina lake tangu yu hai, na alipofariki Desemba 13, 2010 jina likabaki. Mtu huyu aliimba juu ya kifo chenyewe, wimbo mzima, akakisemesha uso kwa uso, tena wimbo wenye mdundo wa kuchezeka. Aliimba juu ya kondomu wakati ukimwi ulikuwa haujatajwa waziwazi kwenye meza za wakubwa. Mambo kwa Soksi haukupigwa kirahisi redioni, lakini kila mtu aliujua. Mwishoni aliokoka, akaacha dansi, akaimba Injili. Wanafunzi wanaoshuka Kwa Remmy kila asubuhi, wengi wao wanadhani Remmy alikuwa mwenye duka. Konda anafanya kazi yake, anataja jina. Sisi kazi yetu ilikuwa kueleza lililobaki.

Tena tukubali kwamba kuna wanaokufa na kitu ambacho hakirekodiwi kabisa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Zanzibar Aprili 17, 2013, dunia ilimjua kwa jukwaa: mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, akasafiri Ulaya na Japani akiwa bibi kizee mwenye sauti ya chuma. Lakini wanawake wa Unguja walimjua kwa unyago. Aliwacheza mabinti, akawafundisha mwili na ndoa na heshima kwa ngoma zake, ndani, mbali na macho ya wanaume, na mbali na maikrofoni pia. Sisi tulimlilia Bi Kidude wa jukwaani. Wale waliochezwa naye walimlilia mwalimu, na kilio chao hakikuletwa redioni, na pengine haikupasa kiletwe. Lakini ilipasa tuseme kwamba kipo.

Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kutaja. Nyimbo za Siti binti Saad alizibeba maisha yake yote, na hakuchoka kusema amezipata kwa nani. Siti alifariki 1950, na alikuwa wa kwanza miongoni mwa wanawake wa huku kurekodi sahani, alipopelekwa Bombay mwaka 1928. Hakwenda peke yake. Mpaka leo wazee wa Unguja watakutajia kundi lake: Maalim Shaaban, Buda Swedi, Subeti Ambari, Mbaruku. Shaaban Robert alimwandikia wasifu ambao bado unasomwa. Msiba wa Siti una miaka zaidi ya 70 na waliokaa naye kwenye busati lile la muziki bado wana majina. Wapiga dansi waliofariki juzi, tuliokuwa tukiwaona kila Jumapili kwenye bonanza, hawana.

Naomba basi tuanze na walio hai. Kila mkoa ulikuwa na bendi yake: Tabora, Morogoro, Tanga, Kigoma, Mwanza, Dodoma. Polisi walikuwa na yao, Jeshi walikuwa na yao, viwanda vilikuwa na zao. Katika mtaa wako kuna mzee anayefuga kuku au anakaa kibarazani akicheza bao, na huyo ndiye aliyepiga tumba kwenye wimbo unaoifanya simu yako iite. Mwanawe anajua, mjukuu hajui. Mpelekee kinasa sauti, na simu yoyote ya leo ni kinasa sauti. Mpigie wimbo wenyewe, usimuulize kwanza historia ya maisha. Mpigie wimbo halafu umuulize huyu nani. Utaona anavyofunga macho. Atakwambia huyu ni fulani, ametoka Kilwa, alipiga kwa mkono wa kushoto. Hapa tulikosea tukaendelea. Hapa Ticha alikasirika. Andika yote. Halafu uyapeleke kwenye redio ya jamii iliyo karibu nawe, au utuletee sisi.

Na nyie watangazaji vijana mnaonisikiliza, mna akili na mna kasi ambayo sisi hatukuwa nayo. Mkiweka wimbo wa marehemu, chukueni sekunde 15. Mtunzi, mwimbaji, waitikiaji, solo, rizimu, besi, wa ngoma, wa kupuliza. Sekunde 15 hazimkimbizi msikilizaji. Tunatumia zaidi ya hizo kusoma bei ya mabati.

Muda wetu unakaribia. Fundi mitambo, niwekee Sina Makosa, na usiishushe katikati. Les Wanyika, Nairobi. Utunzi na gitaa la rizimu ni Profesa Omari Shabani. Gitaa la solo, John Ngereza. Besi, Tommy Malanga. Dramu, Rashid Juma. Kwenye sauti yumo Issa Juma. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki zao popote pale walipo.